Mota Zinazoimba: Kutoka Kawangware hadi Reli ya Kibera

Dada yangu ana kinu cha kusaga unga Gatina, Kawangware, katika chumba cha mabati kilichobanana na duka la mkaa. Kabla ya kukiwasha huchungulia nje na kuwaambia majirani, maana taa zao zitafifia. Kisha anainua swichi. Mota inanguruma kwa uzito, mkanda unalalamika juu ya puli, na ndani ya sekunde chache kila kitu kinakaa kwenye sauti moja ambayo haitapanda wala kushuka mpaka debe la mahindi liishe. Mteja akimimina mengi kwa pamoja, sauti inazama kidogo, halafu inarudi palepale. Nilikisikiliza kinu hicho kwa makini, kwa sababu nilifika Nairobi nikiwa na swali kuhusu sauti, na sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya dada yangu.

Swali lenyewe lilianzia Dar es Salaam. Nilikuwa nimepanda treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ile yenye pua kali ambayo Watanzania wameibatiza mchongoko, kutoka stesheni ya Magufuli kwenda Dodoma. Ilipoanza kuondoka, chini ya miguu yetu ulitoka mluzi mwembamba. Ukapanda, ukapanda, ghafla ukashuka, kisha ukaanza kupanda upya. Jirani yangu kitini, mfanyabiashara wa alizeti, alisema dereva anabadilisha gia. Lakini treni ile haina giaboksi ya kubadilishwa kama ya lori. Ina meno ya gia ya uwiano mmoja tu, tangu inapoondoka mpaka inapofikia kilomita 160 kwa saa. Nimefundisha fizikia sekondari kule Morogoro kwa miaka mingi, na nilitaka kuifuatilia sauti ile mpaka kwenye mzizi wake. Nairobi, ambako treni bado zinanywa dizeli, ilinifaa kwa kazi hiyo kuliko nilivyotazamia.

Nianze na kinu. Mota yake ni ya fezi tatu. Waya za Kenya Power zinaleta mikondo mitatu ya umeme inayopokezana, kila mmoja ukifika kileleni theluthi moja ya mzunguko baada ya mwenzake. Mikondo hiyo inapopita kwenye koili zilizopangwa duara ndani ya ganda la chuma, inazaa uga wa sumaku unaozunguka, ingawa hakuna kipande chochote cha chuma kilichosogea. Katikati imewekwa rota, pipa la chuma lenye fito za alumini ndani yake, ambalo halikuunganishwa na waya wowote wa nje. Uga ukizipita zile fito, umeme unazaliwa ndani yake, fito zinageuka sumaku, na rota inaanza kuufukuza uga. Haiufikii. Ikiufikia tu, umeme wa fito unakufa na nguvu inakwisha. Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla, kila mmoja kwa njia yake, waliitangaza mota ya namna hii mwaka 1888, na mpaka leo sijaona chombo kingine cha umeme kinachonifurahisha zaidi kukifundisha.

Umeme wa Kenya, kama wa Tanzania, hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Katika mota ya dada yangu, ambayo koili zake zinaunda ncha nne za sumaku, uga unazunguka nusu ya kasi hiyo, yaani mara 1,500 kwa dakika, na rota inaufuata nyuma kidogo, kama mara 1,450. Kasi hiyo haikuamuliwa Gatina. Iliamuliwa na majenereta ya mvuke ya Olkaria na yale ya mabwawa ya Mto Tana, ambayo yote yanatoa umeme kwa mdundo mmoja, na kila kinu kilichounganishwa na nguzo za stima kinaufuata. Hiyo ndiyo sababu ya sauti isiyobadilika. Sumaku huvuta chuma mara mbili katika kila mzunguko, mara moja kwa ncha ya kaskazini na mara moja kwa ncha ya kusini, hivyo chuma hutetemeka mara 100 kwa sekunde. Ukisimama chini ya transfoma yoyote mtaani utaisikia hezi 100 hiyohiyo, peke yake, bila mkanda wala mawe ya kusagia.

Mbele kidogo ya kinu kuna fundi anayefunga upya waya za mota zilizoungua. Alikuwa na mota ya pampu imepasuliwa mezani, akanionyesha kwamba chuma cha ndani si bonge moja bali ni mabati membamba yaliyobanwa pamoja, na kwamba baada ya kufunga waya mpya huzimwagia vanishi. Vanishi inazuia umeme usivuje, lakini pia inazigandisha waya zisichezecheze. "Waya ikicheza, mota inapiga kelele, na mota ya kelele haikai," alisema. Yeye hupima ugonjwa kwa sikio kabla ya kuchukua mita. Mota iliyokosa fezi moja, kwa mfano, inalia bila kuzunguka, na usipoizima upesi utanusa harufu ya vanishi inayoungua. Nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwa pale.

Sasa chukua mota ya aina hiyo uifunge chini ya treni. Ukiipa hezi 50 ghafla ikiwa imesimama, itafyonza mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake. Ndiyo maana taa za majirani wa dada yangu zinafifia. Mota ndogo inavumilia. Treni yenye mamia ya tani haivumilii: itachukua muda mrefu kushika mwendo, na mota zitaungua kabla haijatoka stesheni. Treni inahitaji uga unaoanza kuzunguka polepole kabisa, chini ya mzunguko mmoja kwa sekunde, kisha uongezeke kidogo kidogo mpaka hezi 100 na zaidi, na nguvu ya msukumo wa umeme iongezeke sambamba nao. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hapakuwa na njia nyepesi ya kufanya hivyo ndani ya treni, kwa hiyo reli nyingi za dunia zilitumia mota za umeme wa mkondo mmoja, yaani usiogeuka, zenye brashi za kaboni zinazolika na kutoa cheche. Njia ilipatikana silikoni ilipokomaa. Ujerumani ilitoa vichwa vya treni vya aina ya 120 mwaka 1979, vilivyokuwa na mota za fezi tatu na chombo cha kuzitengenezea umeme wa kasi yoyote itakayotakiwa. Chombo hicho ni inveta.

Inveta ya kwanza niliyoigusa katika safari hii ilikuwa chini ya kiti cha pikipiki. Mpwa wangu ni bodaboda, anapaki steji ya 46 hapohapo Kawangware, na pikipiki yake ni ya stima. Zimekuwa nyingi Nairobi. Kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zimezieneza, na waendeshaji wengi hawachaji betri nyumbani bali hufika kituoni, hutoa iliyokwisha na kupachika iliyojaa. Nilimwomba anipeleke Kibera, na njiani asiwashe redio.

"Anko, hii haina makelele," aliniambia. "Lakini ukitulia utaisikia."

Tuliondoka Kawangware kwa Naivasha Road, katikati ya mikokoteni ya ndizi na matatu zinazojazana kuelekea mjini. Kila aliposimama na kuondoka tena niliinamisha kichwa. Sekunde ya kwanza mota ilikwaruza chini chini, ikatetemesha chuma cha kukanyagia miguu. Halafu mkwaruzo ukawa mvumo, mvumo ukawa mluzi, na mluzi ukapotea katika upepo. Juu yake kulikuwa na sauti ya pili, nyembamba sana, ambayo haikufuata mwendo wa gurudumu. Hii ya pili ndiyo niliyoitafuta.

Betri hutoa umeme wa mkondo mmoja, usiogeuka. Mota inataka mikondo mitatu inayopanda na kushuka kwa utaratibu. Kati yao kuna kontrola, yaani inveta ndogo, yenye kazi ya kuufungulia na kuufungia umeme njia kupitia transista sita au zaidi, maelfu ya mara kwa sekunde. Fikiria mtu anayejaza ndoo kwenye bomba lenye presha kali: hawezi kupunguza presha, lakini anaweza kufungua na kufunga haraka haraka. Akifungua muda mrefu na kufunga muda mfupi, ndoo inapata maji mengi. Akifanya kinyume, inapata machache. Kontrola inafanya hivyo kwa umeme. Inakata vipande vinene, halafu vyembamba, halafu vinene tena, na koili za mota, ambazo kwa asili hazipendi mkondo ubadilike ghafla, zinavilainisha vipande hivyo vikawa wimbi.

Lakini hazivilainishi kabisa. Kila kipande kinaacha mkwaruzo mdogo juu ya wimbi, mkwaruzo huo unaivuta na kuiachia sumaku, sumaku inavuta na kuachia chuma, na ganda zima la mota linageuka spika. Ukikata umeme mara 2,000 kwa sekunde utasikia sauti za karibu na hezi 2,000, na sikio la binadamu ni kali mno kati ya hezi 2,000 na 5,000. Kwa hiyo tunachosikia treni ya umeme ikiondoka si nguvu ya mota peke yake. Tunasikia umeme ukikatwa na kupimwa, kipande kwa kipande.

Dagoretti Corner tuliingia Ngong Road. Basi la umeme lilitupita kwenye taa za barabarani, mojawapo ya mabasi yaliyoanza kuonekana Nairobi baada ya BasiGo kuleta yake ya kwanza mwaka 2022, na lilipoondoka lilitoa mluzi wa aina ileile, mzito zaidi. Mpwa wangu aligeuza kichwa kidogo ili nimwone akicheka. Alikuwa ameusikia yeye pia, pengine kwa mara ya kwanza kwa makusudi. Pale Adams Arcade tukashuka na Joseph Kang'ethe Road, tukapita Soko la Toi lenye milima yake ya mitumba na viatu, tukaingia Makina.

Reli ya Kibera ni barabara kuu ya watu wa miguu. Kuanzia Makina hadi Laini Saba utawakuta watoto wa shule wakitembea juu ya mataruma, mafundi wa simu, wauzaji wa sukuma wiki, mahindi choma, chaja, vitambaa. Upana wake ni mita moja kamili kati ya chuma na chuma, upana uleule uliochaguliwa na wajenzi wa reli ya Uganda walioanza Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, walikuwa wakiishi Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati pakiwa msitu. Uhusiano wa watu na reli hii haujawa wa mapenzi tu. Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, vijana waling'oa chuma chake hapahapa, na mizigo ya Uganda ikakwama. Waliijua thamani yake.

Tulisubiri kwenye kibanda cha chai. Treni haikuonekana kwanza, ilisikika. Wenye meza waliinua vichwa, mmoja akaanza kukunja turubai bila haraka. Kisha honi, ndefu, mara kadhaa. Kichwa cha treni kilipojitokeza kwenye kona niliona namba inayoanza na 93, moja ya injini ambazo General Electric ya Marekani iliitengenezea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyuma yake mabehewa ya mizigo yaligongana taratibu. Ardhi ilitikisika mpaka chai ikafanya viwimbi kikombeni.

Watu wengi husema injini hii ni ya dizeli, na moshi wake unawaunga mkono. Lakini dizeli haigusi magurudumu. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatuma umeme kwa waya kwenda chini, na kila mmoja wa mihimili sita ya magurudumu una mota yake ya umeme. Treni inayopita Kibera imekuwa treni ya umeme muda wote. Inabeba tu kituo chake cha kuzalisha umeme mgongoni. Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, ina mpango huohuo.

Kwa nini basi hii ya Kibera haiimbi? Mota za namba 93 ni za zamani, za brashi. Zinapokea umeme wa mkondo mmoja moja kwa moja, na dereva akitaka nguvu zaidi anaipandisha injini ya dizeli daraja moja juu. Hakuna anayeukata umeme vipande, kwa hiyo hakuna mluzi wa vipande. Unachosikia ni injini ikipanda daraja kwa daraja, tabo ikipuliza juu yake, na kama una bahati ya kusimama karibu, mlio wa meno ya gia kati ya mota na mhimili. Nilikuwa na bahati hiyo. Ulipita kama pumzi chini ya kishindo chote kile, nikamshika mpwa wangu mkono ili ausikie.

Treni ilipokwisha kupita na meza kurudi mahali pake, nilimwomba mwenye kibanda kipande cha gazeti la kufungia chapati, nikachukua kalamu. Nilitaka kijana aone kwa nini mluzi wa mchongoko unapanda, unashuka, kisha unapanda tena, kwa sababu hapo ndipo penye uzuri wenyewe.

Nilianzia kwenye inveta za kwanza za treni, ambazo zilitumia swichi za silikoni zinazoitwa thairista. Zilikuwa na nguvu sana lakini nzito kugeuka; mara mia chache kwa sekunde zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Tuseme mwisho huo ni mara 450. Treni ikiwa inaanza, mota inataka wimbi la polepole, na inveta inaweza kulikata kila wimbi vipande vingi. Mwendo ukishika, vipande lazima viende sawa na wimbi, la sivyo mota inatetemeka vibaya, kwa hiyo inveta inachagua idadi kamili: vipande 15 kwa kila wimbi. Wimbi likiwa hezi 20, sauti ni 300. Wimbi likifika 30, sauti ni 450, na swichi haiwezi zaidi. Hapo inveta inashusha idadi: vipande tisa. Tisa mara 30 ni 270. Sauti imeanguka kutoka 450 hadi 270 papo hapo, ingawa treni haikupunguza mwendo hata kidogo. Kisha inapanda tena pamoja na treni, mpaka wimbi la hezi 50, ambapo tisa mara 50 ni 450 nyingine, na inveta inashuka tena kwenye vipande vitano.

"Kwa hiyo hakuna gia," mpwa wangu alisema, akilitazama gazeti.

"Hakuna. Ni hesabu inayobadilika."

Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu yangu na kufanya hesabu ya vipande vitano mwenyewe: 250, kisha juu tena. Mwenye kibanda naye alikuwa ameinama kutazama. Transfoma iliyo juu ya nguzo nyuma yetu ilikuwa ikivuma ile hezi 100 yake, na sikuhitaji mfano mwingine.

Wahandisi waliwahi kuitumia hesabu hii kwa ajili ya muziki. Mwaka 1998 kampuni ya Keikyu ya Japani iliingiza treni zake za aina ya 2100 zenye inveta za Siemens. Zilipokuwa zikiondoka stesheni, sauti haikuteleza juu bali ilipanda ngazi, noti baada ya noti, kwa sababu wahandisi walipanga hatua za kukata umeme zilingane na noti za muziki, ili kelele ambayo hawakuweza kuiondoa isikere. Wajapani waliziita treni za do-re-mi-fa. Ya mwisho yenye sauti hiyo iliacha kuimba mwaka 2021, na watu walikwenda stesheni na vinasa sauti. Huko Austria vichwa vya treni vinavyoitwa Taurus, pia vya Siemens, vilivyoanza kazi mwaka 2000, navyo hupanda ngazi ya noti vinapoondoka. Nasikia furaha kubwa nikifikiri kwamba mtu fulani, mbele ya mashine ya megawati kadhaa, aliona kuwa masikio ya abiria yanastahili kufikiriwa.

Swichi za leo ni nyepesi zaidi. Transista za treni za sasa hukata umeme mara elfu na zaidi kwa sekunde, na kwa silikoni kabaidi, kama ile iliyomo katika treni za mwendo kasi za N700S zilizoanza kazi Japani mwaka 2020, mkato unaweza kuwa wa haraka zaidi, na joto linalopotea ni dogo. Kadiri mkato unavyokuwa wa haraka, sauti inapanda na kukonda, na mwishowe inatoka nje ya masikio yetu, ambayo hayasikii zaidi ya hezi 20,000. Pikipiki ya mpwa wangu iko mbele katika safari hiyo kuliko treni nyingi. Ndiyo maana nilihitaji kuinamisha kichwa. Treni ikifunga breki, mota zilezile hugeuka majenereta na kurudisha umeme kwenye waya, na wimbo huohuo unashuka ngazi kinyumenyume.

Tuliposimama kuondoka, mama anayeuza omena kando ya reli, ambaye alikuwa amesikia mazungumzo yetu yote, aliniita.

"Baba, hiyo ya stima, mimi nitaijuaje ikija?"

Ni swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani, na ni kubwa kuliko langu. Kenya imezungumzia treni za umeme kwa muda mrefu, na Tanzania imeshaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana hapa kwetu. Siku moja umeme utafika kwenye reli za mijini. Mama huyu na majirani zake wanaishi kwa masikio. Dizeli inawapigia hodi kutoka mbali. Wanajua iko kwenye kona gani, wanajua wana muda gani wa kuvuta beseni. Mluzi wa mota hauwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa sababu mota huimba zaidi inapokazana, treni inapoondoka au inapofunga breki. Treni inayoserereka kwa mwendo wa kawaida haidai nguvu nyingi, na unachosikia ni magurudumu tu juu ya chuma. Kwa kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde. Umbali wa mita 100 unaisha kwa sekunde tisa.

Ulaya imeliona tatizo hili kwenye magari. Tangu Julai 2019 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai kila aina mpya ya gari la umeme iwe na spika inayotoa sauti likitembea polepole, ili wasioona na wanaovuka barabara walisikie. Kwa treni jibu la kawaida ni honi na uzio. SGR ya Tanzania imezungushiwa uzio, na waya wake wa juu una volti 25,000, umeme ambao hauhitaji kuguswa ili uue. Kuukaribia tu kunatosha. Nilimweleza mama hilo nikitazama mabati ya Laini Saba, antena za televisheni juu ya miti mirefu, na nailoni za watoto zilizonasa kwenye nguzo baada ya kurusha tiara. Uzio na waya huo vikija hapa kama vilivyo, vitaipasua Kibera vipande viwili. Wahandisi wanaojitahidi kuifanya treni iwe kimya wanafanya kazi njema, nami nawaheshimu. Ila ukimya wao umepimwa kwa ajili ya abiria aliye ndani na jirani aliyelala nyumba ya mbali, na Kibera wako maelfu wasio abiria wala majirani wa mbali. Wako juu ya mataruma. Yeyote atakayechora mchoro wa reli ya umeme ya Nairobi anapaswa kukaa pale kibandani asubuhi nzima, treni ya abiria ikienda mjini na ya mizigo ikirudi, na awaulize watu wanaosikiliza kila siku kabla hajaamua urefu wa nguzo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikipepea inzi.

"Kama ni ukuta, watuwekee na daraja," alisema.

Nilimuuliza daraja lingefaa kukaa wapi. Alinyanyuka, akapanda juu ya reli na kutuonyesha kwa kidole: pale kwenye njia ya mteremko ambapo watoto wa shule huvukia asubuhi na wamama hupitisha mitungi ya maji, na si kule karibu na stesheni, kwa sababu huko, alisema, hakuna mtu atakayezunguka na mtoto mgongoni na mtungi kichwani ili avuke. Mpwa wangu alipiga picha ya ile njia kwa simu. Kisha jirani wa mama, anayechoma mahindi, akasema daraja liwe na mteremko badala ya ngazi, kwa ajili ya mikokoteni, na ubishi wa wapi mteremko huo ungeanzia ukawashika watu wa meza zote upande ule wa reli.